Kisichobadilika kitangulie

Mwezi uliopita nilikuwa Nansio, Ukerewe, nikirekebisha programu niliyowaandikia kina mama wanaouza dagaa. Kosa lilikuwa mstari mmoja tu: uzito wa gunia tupu haukuwa unatolewa. Nikasahihisha, nikaamuru imeji ya Docker (kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili ifanye kazi) ijengwe upya, na bando nililonunua asubuhi likakata kabla maktaba za Python, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine ambayo programu yangu inaitegemea, hazijamaliza kushuka. Mama mwenye mzani akaniuliza, "Mwanangu, si umesema umeshamaliza?" Dagaa wake walikuwa wanasubiri kupimwa.

Nilikuwa nimepanga vibaya. Docker hujenga imeji kwa matabaka, kila agizo na tabaka lake. Moja likibadilika, yote yanayofuata hujengwa upya. Mimi nilinakili mradi mzima kwanza, ndipo nikaweka pip install, agizo linaloshusha maktaba. Kwa hiyo kugusa mstari mmoja kulilazimisha kila maktaba ishushwe tena. Sasa natanguliza requirements.txt peke yake, yaani orodha ya maktaba, maktaba zinafuata, msimbo wangu unakuja mwisho. Nikibadilisha mstari, ujenzi unachukua sekunde chache na bando haliguswi.

Kuna wenzangu hapa Mwanza wanaosema kontena (imeji ikishawashwa) ni mambo ya makampuni yenye seva mia. Nawapinga kabisa. Sisi wenye kompyuta moja kisiwani na intaneti ya kupima ndio tunaozihitaji zaidi. Kontena inabeba Python yake na maktaba zake, ikiazima kiini cha Linux tu kutoka kwa mashine, ndiyo maana ni nyepesi kuliko mashine pepe, ile kompyuta ya kuigiza yenye mfumo mzima wa uendeshaji ndani. Kilichofanya kazi mezani kwangu Nyegezi kinafanya kazi Nansio.

Ila ipunguzwe uzito. Imeji kamili ya Python inakaribia GB 1. Ile iliyopunguzwa, iitwayo slim, ni sehemu ndogo tu ya hiyo. (Ile inayotumia Alpine, aina ndogo sana ya Linux, ni ndogo zaidi, lakini kwa Python siipendi: baadhi ya maktaba hulazimika kujengwa upya kutoka kwenye msimbo wake, na hapo unapoteza nusu siku.)

Juzi sikutumia intaneti kabisa. Nilifanya docker save nikiwa Nyegezi, imeji ikawa faili moja, nikaliweka kwenye flashi, nikapanda meli. Kule nikaandika docker load ili kuipakia imeji, nikaiwasha kontena, na mama akaweka gunia la kwanza kwenye mzani kabla sijakunja waya wa chaji.