Makasri ya Ufaransa ni mazuri, ila mi nilipenda majengo ambayo hayajaisha

Najua kuna watu watanirukia kwa hili lakini wacha niseme: Chambord ilinichosha. Lile kasri la kwenye kalenda zote, minara kama msitu juu ya paa, ndo hilo hilo.

Tulienda wanne, mimi, dada, shemeji na mtoto wao, kwa gari la shemeji. Ratiba alipanga dada na ilikuwa ile ya kila mtu, makasri matano ya bonde la mto Loire kwa siku mbili, shuka, piga picha, panda gari twende lingine. Kufika la tatu mtoto akauliza, "Mama, hapa si ndo tulikuja jana?" na kiukweli hata mi ilibidi nifikirie.

Chambord yenyewe mfalme François wa Kwanza aliianza mwaka 1519. Vyumba 426, meko za kuotea moto 282, na ile ngazi ya katikati ambayo ni ngazi mbili zimejisokota pamoja, mmoja anapanda mwingine anashuka, mnachunguliana kwenye vidirisha ila hamkutani. Mtoto alipanda na kushuka mara sita, yeye ndo alifaidi tiketi. Sasa huyo mfalme alitawala miaka 32, na siku alizokaa mle zinatajwa kuwa 72 tu. Alikuwa anakuja kuwinda, anakuja na vitanda vyake na mazulia yake na viti vyake, akiondoka vyote vinapakiwa kwenye mikokoteni vinaondoka naye. Yaani hata wakati wake lile jumba lilikuwa tupu muda mwingi, na sisi tumelipa kwenda kuangalia utupu ule ule. Chenonceau angalau ina kisa, imekaa juu ya mto Cher kama daraja, na kwenye vita vya kwanza vya dunia ule ukumbi wake mrefu uligeuzwa hospitali ya wanajeshi majeruhi. Hiyo sawa.

Ila kilichonikaa kichwani hakikuwa kwenye ratiba kabisa.

Mi nilitua Beauvais, maana tiketi za bei chee ndo zinatua huko, uwanja unaitwa Paris lakini Paris yenyewe ni kama kilomita 80 hivi. Kila anayeshuka pale anakimbilia basi la Paris. Shemeji akapiga simu kasema amekwama kwenye foleni, nisubiri masaa matatu. Nikaona nisikae na begi kwenye kiti cha chuma, nikapanda basi la mjini.

Kanisa kuu la Beauvais, ukilitazama kwa mbali unahisi kuna kitu hakiko sawa. Ni refu mno halafu ni fupi. Limeenda juu kuliko makanisa yote ya enzi zile, dari la mawe liko kama mita 48 kutoka sakafuni, weka ghorofa 15 ndani ya chumba kimoja, ila ukitafuta ile sehemu ndefu ya waumini kukaa haipo. Limekatika. Pale ilipotakiwa iwepo kuna kakanisa kazee ka karne ya 10 ambako walipanga kukabomoa kote, hawakufika.

Walianza kujenga mwaka 1225 na walitaka kuwapita wote. Mwaka 1284 sehemu ya dari ikadondoka. Mtu mwingine hapo angepunguza urefu, wao wakarudishia pale pale juu na kuongeza nguzo katikati ya nguzo. Miaka karibu 300 baadaye hela zikapatikana tena, na badala ya kumalizia kanisa wakaamua kupandisha mnara wa mita 153. Ulisimama miaka minne! Mwaka 1573, sikukuu ya Kupaa, watu wametoka kwenye maandamano ya ibada, mnara ukashuka wote. Tangu hapo basi, hakuna aliyeusimamisha tena. Mabomu ya 1940 yakaja yakachoma karibu mji mzima, na kanisa ambalo lilishindwa kubeba mnara wake lenyewe likabaki limesimama.

Ndani leo kuna magogo na vyuma vikubwa vimeegemezwa kushikilia kuta zisisogee. Nilikaa chini ya hayo magogo nusu saa nzima nikiangalia juu mpaka shingo ikauma. Kuingia ni bure, na tulikuwa watu labda kumi.

Siku ya kurudi kutoka Loire nikamwomba shemeji tupitie Guédelon, iko msituni Burgundy, karibu na kijiji cha Treigny. Hapa wanajenga ngome mpya, tangu 1997, kwa mbinu za karne ya 13 tu. Hamna kreni ya mafuta, hamna saruji ya mfuko. Mawe yanachongwa kwenye machimbo ya hapo hapo, mbao ni mialoni ya hapo hapo, misumari inafuliwa na mhunzi, na kokoto na mchanga vinabebwa na farasi. Jiwe likitakiwa kwenda juu, mtu anaingia ndani ya gurudumu kubwa la mbao anatembea, gurudumu linazunguka, kamba inavuta jiwe. Hela za kuwalipa mafundi zinatoka kwenye tiketi zetu.

Kulikuwa na fundi mmoja ana kamba yenye vifundo 13, yaani nafasi 12 sawasawa. Akaitandaza chini, nafasi tatu huku, nne huku, tano kufunga, ikawa pembetatu, kona ikakaa skwea. Shemeji, ambaye safari nzima alikuwa anaangalia simu, akaruka: "Si ndo 3, 4, 5 hiyo!" Fundi aliyemjengea mama wa shemeji nyumba kule Morogoro alipiga msingi hivyo hivyo kwa futi na kamba ya nailoni. Basi wakaanza kuongea wale wawili, Kifaransa cha shemeji kibovu na mikono, kuhusu chokaa wanayojengea badala ya saruji. Kwamba inakauka taratibu, na baridi kali inaiharibu, ndo maana wakati wa baridi kazi inasimama na geti linafungwa. Dada akabaki kwenye gari anapiga honi.

Na msidhani ni maigizo. Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua 2019 na paa likatakiwa kurudishwa kwa mialoni iliyochongwa na shoka, baadhi ya maseremala waliochukuliwa walijifunzia hapa.

Kwa hiyo ukienda, Chambord ipe asubuhi moja kwa ajili ya ngazi. Beauvais ukitua usikimbilie basi. Guédelon vaa viatu vya tope. Shemeji ameshaniuliza mara mbili lini tunarudi, anataka kuona dari la mnara wa ile ngome likifungwa, dada yeye kasema safari hiyo tukodi gari letu.