Kuboresha umeme wa mashua kuukuu si anasa

Mashua ndogo za tanga zilizoundwa kwa faibaglasi miaka ya 1960 na 1970 zingali zinasafiri, na wenyewe hawakubaliani namna ya kuzitunza. Wako wanaoshikilia kwamba chombo kibaki kama kilivyotoka kiwandani, kwa kuwa kila kifaa kinachoongezwa ni kifaa kingine cha kuharibika. Wengine hubadilisha taa, nyaya na betri, na hao hudhaniwa kuwa wanatafuta starehe za nyumbani baharini. Dhana hiyo imewadhulumu.

Chukua taa ya rangi tatu ya kileleni mwa mlingoti, yaani nyekundu, kijani na nyeupe, ambayo kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinairuhusu kwa mashua isiyofikia mita 20 inapokwenda kwa tanga pekee. Balbu yake ya zamani mara nyingi ni ya wati 25. Katika mfumo wa volti 12, balbu hiyo ikiwaka kwa muda wa saa 12 hula amperi-saa 25 (amperi-saa ni kipimo cha umeme unaotoka kwenye betri). Betri ya risasi na asidi ya amperi-saa 100 haidumu ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo kiasi cha kutumia ni 50, na nusu ya hicho imekwisha kabla redio haijawashwa. Taa ya LED ya wati 2.5 hutumia sehemu moja ya kumi tu. Nahodha mwenye balbu ya zamani hubaki na njia mbili: azime taa pale bahari inapoonekana tupu, jambo ambalo ni hatari na ni kinyume cha kanuni, au awashe injini ili achaji. Hii ya pili huonekana ya busara, lakini dizeli inayonguruma kwa saa nyingi bila mzigo haipati joto lake. Masizi hujikusanya, kuta za silinda hugandwa na mabaki ya mafuta yasiyoungua vizuri, na mwishowe injini huanza kula oili. Aliyekataa kugusa taa ili apunguze matengenezo amejizidishia kazi kwenye injini, yaani penye gharama kubwa zaidi.

Wahafidhina nao wana hoja ya kweli. Sitaha za mashua nyingi za wakati huo zina mbao nyepesi za balsa katikati ya matabaka mawili ya faibaglasi, na tundu moja la waya lisilozibwa vizuri hupitisha maji hadi balsa ioze. Tundu hutakiwa litobolewe kubwa kupita kiasi, lijazwe epoksi, yaani gundi inayoganda ikawa ngumu, kisha litobolewe upya, na wachache ndio wenye subira hiyo. Taa zenyewe pia zina ila: mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitahadharisha kwamba baadhi ya LED huvuruga redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini. Tena, kupachika balbu ya LED ndani ya kifuniko cha zamani kunaweza kupotosha pembe ambazo kila rangi inapaswa kuonekana. Afadhali kubadilisha taa nzima.

Kwenye betri za lithiamu nawaunga mkono wahafidhina zaidi. Hupokea mkondo mkubwa mfululizo hata alteneta ya kawaida, yaani jenereta inayozungushwa na injini, ikaungua, na kifaa chake cha ulinzi kikikata ghafla, volti hupanda na kuharibu diodi, vipande vya ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Anayezitaka hana budi kubadilisha mfumo mzima wa kuchaji.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito kuliko orodha ya vifaa. Nyaya hutangulia, kwa sababu shaba isiyopakwa bati huwa imekwisha kuwa nyeusi chini ya ganda lake, na taa mpya kwenye waya wa namna hiyo itafifia vilevile. Taa hufuata, kisha paneli ndogo ya jua. Mashua nyingi zikifika hapo hazina tena haja ya lithiamu.