Nilimwondolea kamera, akanirudishia simu

Mdogo wangu ana miaka 26 na ana ulemavu wa akili. Kusoma hasomi, ila sura ya mtu haisahau. Mwaka jana dada yetu aliyeko Muscat alimletea iPhone iliyotumika, nami nikajipa kazi ya kumwandalia. Nikawasha Assistive Access, mpangilio wa kurahisisha simu uliokuja na iOS 17, mfumo unaoendesha iPhone, mwaka 2023. Skrini inabaki na alama chache kubwa kama vigae, watu wa kupigiwa wanaonekana kwa picha zao, na chini kuna kitufe kipana cha kurudi nyuma. Nikamwachia kupiga simu tu, na picha tatu: mama, dada, mimi. Nikajiona fundi.

Kesho yake akaiweka mezani.

"Kaka, hii mbovu."

Mbovu vipi? Akafumba jicho moja, akainua mikono usoni, kidole kikabonyeza hewa. Kamera! Kwenye simu yangu amezoea kuwapiga picha mbuzi wa jirani. Niliiondoa kwa kuogopa ataijaza simu. Na akiijaza? Simu ya nani?

Mpangilio wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba namba ya siri ya kuufungua tunakaa nayo sisi, na sisi tuna haraka ya kupunguza. Tunamwondolea mtu vitu, halafu tunasema tumemrahisishia. Kampuni imetoa nafasi ya kuchagua. Anayesahau kumuuliza mwenye simu ni ndugu yake.

Nyumba nyingi hazina iPhone, najua. Android nayo, tangu toleo la 5 la mwaka 2014, inaweza kufungwa ibaki kwenye programu moja, ila imefichwa ndani kabisa ya mipangilio ya usalama. Niliwahi kumuuliza fundi simu mmoja, akadhani namtania.

Pesa za simu ndizo bado zinanishinda. Ile menyu ya namba, bonyeza 1, bonyeza 4, hata mimi nikizubaa inakatika nianze upya. Yeye ataiweza vipi?

Jumamosi tuliketi wawili tukapanga upya. Kamera ndani, muziki ndani. Kwenye watu wa kupigiwa, akaitoa picha yangu, akataka iwekwe ya muuza chipsi.

"Sasa mimi kosa langu nini?"

"Wewe si tunakaa wote?"