Begi la leba: nyumbani Morogoro na huku Ufini

Niseme moja kwa moja kabla sijaanza kuzunguka: kule nyumbani tunambebesha mama mjamzito vitu ambavyo siyo kazi yake kuvibeba, na hivyo vitu ndo vinamchelewesha kufika hospitali. Nimezaa mara mbili, wa kwanza Morogoro mwaka 2015, wa pili hapa Tampere Novemba 2021, na yale mabegi mawili bado yananikaa kichwani mpaka leo, tena sasa hivi ndo zaidi maana mdogo wangu wa mwisho ana mimba ya miezi minane na kila siku tunapigiana simu kuhusu listi.

Listi yenyewe wanaoijua wanaijua. Mimi niliandikiwa kliniki kwenye kikaratasi: mpira wa kutandika, glavu, pamba kubwa, wembe, vibana kitovu viwili, mabomba ya sindano, beseni, ndoo ndogo, sabuni, pedi, khanga zisizopungua nne, shuka, nguo za mtoto na kofia na soksi, chupa ya chai na kikombe. Mama akaongeza vyake, wifi naye akaongeza vyake, mpaka lile begi la shangazi kaja likajaa zipu ikagoma kufunga, beseni likabebwa pembeni na ndani ya beseni kuna ndoo na ndani ya ndoo kuna chupa ya chai. Ile hela ya vitu vya dukani niliikusanya kidogo kidogo tangu mimba ya miezi mitano, leo pamba, wiki ijayo mpira, nikipata chochote naweka pembeni.

Sasa khanga sina ugomvi nazo hata kidogo. Khanga unajifunga, unatandika, unamfunika mtoto, unajifunga tumbo ukishazaa, na khanga iliyofuliwa mara nyingi hamna kitambaa laini kama hicho. Nguo za mtoto pia ni zangu, mtoto ni wangu. Ugomvi wangu ni glavu. Glavu ni za mkunga. Kibana kitovu, wembe, sindano, mpira wa kitanda cha kuzalia, vyote hivyo ni vitendea kazi vya hospitali, kumtaka mjamzito aje navyo ni sawa na kumtaka abiria aje na tairi la daladala. Na tumeshazoea kiasi kwamba ukiuliza kwa nini, watu wanakuangalia kama umeleta kiburi, wanakwambia nunua tu dada, usije ukaaibika.

Usiku wangu wa 2015 ulikuwa hivi. Uchungu ulianza saa nne usiku, nikafika saa sita, glavu nilizobeba zikaanza kutumika kwenye kunipima njia, nikipimwa mara mbili tatu zinaisha, na kufika saa tisa nesi akaniuliza zingine ziko wapi. Nilikuwa sina. Mdogo wangu, huyu huyu mwenye mimba sasa hivi, alikuwa na miaka 17, akatoka mbio gizani kutafuta duka la dawa lililo wazi, binti mdogo peke yake, na mimi niko kitandani badala ya kufikiria mtoto nafikiria yule mtoto mwingine niliyemtuma barabarani usiku wa manane. Alirudi na jozi tano na machozi. Yule nesi simlaumu na naomba mnielewe hapo, alikuwa peke yake na kina mama sita, stoo hamna kitu, alikuwa ananibembeleza anasema mama jikaze kidogo, hakuwa mtu mbaya. Angefanyaje kwa mikono mitupu?

Na siyo kwamba sheria ya mezani inasema hivyo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za wajawazito na watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali ni bure, kila mtu anaijua, imebandikwa hadi ukutani sehemu nyingine. Ila kati ya ukuta na stoo kuna umbali, na ule umbali anautembea mama na beseni lake.

Kinachoniuma zaidi siyo hela. Ni kuchelewa. Jirani yetu mmoja, mimba ya tatu, uchungu ulimshika alfajiri akakaa nyumbani mpaka jioni kwa sababu mume alikuwa hajarudi na hela ya mpira na vibana kitovu, na anaogopa akifika hana vitu atasemwa mbele za watu. Alisemwa mimba ya pili, hakutaka tena. Tulipokuja kujua tukamwingiza kwenye bajaji, akajifungua salama ila damu ilitoka nyingi sana akaongezewa damu, siku mbili hajitambui vizuri. Alipona. Lakini damu baada ya kujifungua ni moja ya vitu vinavyoua wazazi wengi na haikupi muda wa kutafuta hela. Wataalamu wa uzazi wanasema kuna kuchelewa kwa aina tatu, kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika, na mimi nikiiangalia ile listi naona inagusa ya kwanza na ya tatu kwa mpigo: huendi kwa sababu hujakamilisha, na ukienda hujakamilisha unasubirishwa.

Basi nikaja huku. Mimba ya pili nikaanza neuvola, ndo kliniki yao ya wajawazito na watoto, hulipii, na nesi wangu alikuwa yule yule mmoja karibu muda wote. Akaniambia nina haki ya äitiyspakkaus, boksi la mama, linatolewa na Kela ambao ni shirika la serikali la hifadhi ya jamii, au kama sitaki boksi nichukue hela euro 170. Masharti mawili tu ya maana: mimba iwe imefikisha siku 154, na uwe umepimwa kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Mwanzoni sharti la pili sikulitilia maanani. Baadaye ndo nikaliona ndo moyo wa jambo lote, maana serikali haikuambii uje na kitu, inakwambia njoo mapema tukupe kitu.

Boksi lenyewe likaja kwa posta, mume wangu akaenda kulichukua na kulibeba mikononi kama keki. Ndani kuna nguo za mtoto za saizi tofauti, kofia, soksi, ovaroli ya baridi kali, begi la kulalia, shuka, blanketi, taulo, kipima joto, kikata kucha, na chini kabisa kuna godoro dogo kwa sababu lile boksi la karatasi ngumu mtoto analala humo humo. Nguo zote zina rangi za kuvaa wa kike na wa kiume. Mtoto wa waziri na mtoto wangu mimi mgeni wamepewa boksi moja. Nilikaa chini sebuleni nikazipanga zote kwenye zulia nikazipiga picha nikamtumia mama, mama akajibu kwa sauti, anauliza na vibana kitovu vimo?

Na mimi nilikuwa na swali hilo hilo. Wiki ya 35 hivi nikamuuliza nesi, kwa Kiingereza changu, nije na glavu jozi ngapi. Akatabasamu akasema moja inatosha lakini ziwe za sufu, Novemba kuna baridi. Alidhani nauliza glavu za kumvalisha mtoto mikononi siku ya kutoka. Nikajaribu kumweleza kwamba naongelea za wakunga, akawa haelewi kabisa ninachosema, akaniuliza taratibu, kwani kwenu mama ndo anazileta? Nikamjibu ndiyo. Hakusema neno, akanishika mkono tu. Nilifika kituo cha basi nikalia, na siyo kwa kujionea huruma, nilimkumbuka yule binti wa miaka 17 anakimbia gizani.

Begi la huku lilikuwa la mgongoni. Kitambulisho, mswaki, ndala, chaja ya simu, nguo yangu ya kutokea, nguo za mtoto za kutokea, na kiti cha mtoto cha gari ambacho kilikuwa tayari kimefungwa kwenye gari. Basi. Wodini gauni ni la hospitali, pedi za hospitali, pampasi za hospitali, nguo za mtoto akiwa pale ni za hospitali. Mume alikaa na mimi mwanzo mwisho. Nikavuta ile gesi ya kupunguza maumivu wanayoiita ilokaasu, maana yake gesi ya furaha, furaha sikuiona ila maumivu yalipungua kweli. Hakuna aliyeulizia hela mlangoni, ada ya siku za kulala ilikuja nyumbani kwa bili baada ya wiki kadhaa tukalipa. Khanga nne niliziweka lakini, sikuweza kutoka bila khanga, na mkunga alipoona namfunga mtoto kwenye khanga alinyamaza akaangalia akasema nzuri. Nilichokosa ni mama yangu na uji wake wa pilipili manga, wakati ule wa korona wageni walikuwa hawaruhusiwi wodini zaidi ya mwenza, na hata wangeruhusiwa mama yuko Morogoro. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Ila sikubali mtu aniambie basi bora kwetu kwa sababu tuna ndugu, ndugu ni kitu kingine na glavu ni kitu kingine, na mama yangu angeweza kunipikia uji ule ule hata kama hospitali ingekuwa na glavu zake.

Nikisema haya kwenye familia jibu linakuja haraka: Ufini ni matajiri. Sasa sikilizeni. Hili boksi lilianza mwaka 1938, na Ufini ya 1938 ilikuwa nchi ya wakulima, maskini, watoto wachanga wanakufa kwa wingi kabla ya kufikisha mwaka. Walianza na kina mama wasio na uwezo peke yao, wakaja vita, wakatoka vitani na madeni, na mwaka 1949 wakalifanya la kila mama. Hawakusubiri utajiri kwanza. Walitaka mama aje kliniki mapema, aonekane, apimwe, wakaona njia ni kumwekea kitu mkononi.

Na nyumbani nako kuna kazi imefanyika, sitaki kuwa yule mtu wa nje anayeona ubaya tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 umeonyesha asilimia 81 ya kina mama wanajifungulia kwenye vituo vya afya, na vifo vya uzazi vimeshuka mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015/16, kipindi nilichozaa mimi, ulitoa 556. Hiyo ni kazi kubwa ya watu, wakunga na wauguzi wetu wanastahili heshima. Ndo maana nasema tumefika mahali ambapo kitu cha glavu na kibana kitovu kinapaswa kutoka kwenye begi la mama moja kwa moja. Ningependa nione pakiti ya kujifungulia mama anapewa kliniki, bure, kwa sharti la kuja kabla ya wiki ya 12, ambayo ndo muda wanaoshauri tayari. Anayechelewa naye apewe, lakini anayewahi aipate mapema aiweke ndani alale na amani. Inaweza kuanzia wilaya ambazo kina mama wanazalia nyumbani zaidi, siyo lazima nchi nzima siku moja.

Na sisi tulioko nje tuache kutuma magauni ya kupigia picha. Mtoto mchanga havai gauni la marinda, wiki mbili limembana. Tuma hela ya gari la usiku, iwekwe kwenye simu ya anayekaa na mama, isiguswe.

Kwa mdogo wangu nimefanya hivyo, na nimemtumia pia hela ya glavu na vibana kitovu na mpira, kwa hasira lakini nimetuma, siwezi kumwacha afanye mapinduzi akiwa leba. Nimemwambia kadi ya kliniki ndo kitu cha kwanza, iwe mfuko wa pembeni wa begi, siyo chini ya khanga. Vitu vya leba viwe kwenye mfuko wake peke yake juu, vya wodini chini, ili mtu mwingine akiambiwa leta mpira asifumue kila kitu. Begi liwe tayari wiki ya 36. Mume na jirani wote waonyeshwe lilipo. Na nimemrudia mara tatu kwamba akiona damu, au maji yakimwagika, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au mtoto hachezi kama kawaida, aondoke saa hiyo hiyo na kadi mkononi, begi litamfuata hata kesho. Akasema dada, na wakinisema? Nikamwambia wakuseme ukiwa kitandani kwao.

Jana kanitumia picha. Begi liko nyuma ya mlango, zipu imefunga, beseni halipo. Kaniandikia amemwambia shemeji beseni atalinunua yeye baadaye, au asilinunue.