Gavana aingie kabla ya kura, si baada ya mkataba

Chuo kikuu cha umma kikihama konferensi yake ya michezo huko Marekani, wanasiasa wa jimbo hupiga kelele, kamati huundwa, mashahidi huitwa, kisha timu huondoka vilevile. Texas iliyaona hayo mwaka 2021, University of Texas ilipotangaza kwenda konferensi ya SEC mwaka 2025. Seneti ya jimbo ilihoji watu kwa saa nyingi. Chuo kikaingia SEC Julai 1, 2024, mwaka mzima kabla ya tarehe kilichotangaza.

Kwa sababu ya visa kama hicho, wengi wanaamini serikali haina la kufanya. Mimi sikubali. Nguvu inayo, ila huwa inaikumbuka wino ukishakauka.

Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ratiba moja na kuuza haki za matangazo kwa pamoja. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya bodi ya University of Oklahoma, iliipokonya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, udhibiti wa futiboli ya Kimarekani kwenye televisheni. Baada ya hapo konferensi ndizo zikawa wauzaji wakubwa, na kiti ndani ya konferensi kikawa fungu la fedha.

Sasa hesabu ya Virginia, 2003. Konferensi ya ACC ilikuwa na wanachama tisa na ilitaka kuchukua Miami, Boston College na Syracuse kutoka konferensi ya Big East. Kanuni ilidai robo tatu ya kura. Robo tatu ya tisa ni 6.75, kwa hiyo saba. Duke na North Carolina walikuwa wanapinga, na hapana ya tatu ingeua mpango wote. Hapana hiyo ilikuwa mkononi mwa University of Virginia, chuo cha umma ambacho wajumbe wa bodi yake huteuliwa na gavana. Gavana Mark Warner hakutunga sheria wala kwenda mahakamani. Alibana, na mkuu wa chuo, John Casteen, akashikilia kwamba bila Virginia Tech, chuo kingine cha umma cha jimbo hilo, kuchukuliwa, hapati mtu kura yake. Syracuse ikaachwa mlangoni hadi 2013. Virginia Tech ikaanza kucheza ACC mwaka 2004 pamoja na Miami.

Katika sakata hilohilo, mwanasheria mkuu wa Connecticut, Richard Blumenthal, aliongoza kesi ya vyuo vya Big East vilivyokuwa vinakimbiwa. Kesi iliishia kwenye maridhiano ya fedha, na waliotaka kuondoka waliondoka. Connecticut haikuwa na kura ndani ya ACC. Hiyo ndiyo tofauti nzima kati ya majimbo haya mawili.

California ilikuwa na kura, ikaigawa bila kufikiri. Juni 30, 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, zilitangaza kwenda konferensi ya Big Ten. USC ni chuo binafsi, hakuna wa kukiuliza. UCLA na Berkeley, zilizokuwa pamoja katika konferensi ya Pac-12, ziko chini ya bodi moja inayosimamia University of California yote, na gavana mwenyewe ni mjumbe wake. Lakini tangu 1991 ofisi ya rais wa University of California ilikuwa imewakabidhi wakuu wa vyuo mamlaka ya kusaini mikataba ya michezo, hivyo UCLA ilisaini bila kura. Gavana Gavin Newsom alifika kikaoni Julai kudai maelezo. Wanasheria waliiambia bodi kwamba bado inaweza kuyarudisha mamlaka hayo, ila Agosti Big Ten ikatangaza mkataba mpya wa televisheni, UCLA ikiwa ndani ya hesabu. Desemba 14 bodi iliruhusu kwa kura 11 dhidi ya 5, kwa sharti kwamba UCLA iilipe Berkeley kati ya dola milioni 2 na 10 kwa mwaka. Baadaye ikawa milioni 10.

Kwangu hiyo ni faini ya kuchelewa tu. Mchezaji wa voliboli wa UCLA bado anaruka karibu kilomita 4,000 kwenda New Jersey kucheza na Rutgers, na Berkeley yenyewe iliishia ACC, inasafiri hadi pwani ya Atlantiki.

Jimbo la Washington liliumia zaidi. Agosti 4, 2023, University of Washington ilitangaza kwenda Big Ten na Washington State ikabaki Pac-12. (Washington State ndiko alikosoma Henry Rono wa Kenya alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978.) Vyuo vyote viwili ni vya umma na bodi zote mbili huteuliwa na gavana, lakini kila bodi huangalia chuo chake. Kilichoiokoa Washington State, angalau mfukoni, ni kifungu cha kanuni za Pac-12: anayetoa taarifa ya kuondoka kabla ya Agosti 1, 2024 anapoteza kiti kwenye bodi ya konferensi. Pac-12 ilikuwa imekitumia kifungu hicho kuwatoa USC na UCLA. Wengine wanane walipofuata, kifungu kikaanza kusomwa kwa namna nyingine. Jaji wa Kaunti ya Whitman hakukubali. Alitoa zuio Novemba 2023, Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuingilia mwezi uliofuata, na udhibiti wa konferensi, fedha zake zikiwemo, ukabaki kwa Washington State na Oregon State, vyuo viwili pekee visivyoondoka.

Ningependa kila jimbo lifute ukabidhi wa aina ya California. Bodi ya chuo cha umma ipige kura yenyewe kabla ya saini, ikiwa na mkataba kamili mezani, ada ya kujitoa, muda ambao haki za matangazo zitafungwa (za ACC zilifungwa hadi 2036), gharama za safari za kila mchezo badala ya futiboli peke yake, na athari kwa chuo ndugu. Majadiliano yanaweza kuwa ya faragha, maana mialiko hii huharibika ikivuja. Kura iwe wazi.

Gavana kuchagua nani aingie ni jambo jingine, na hapo Virginia yenyewe inanitia wasiwasi. Konferensi ya Big 12 ilipoundwa mwaka 1994, naibu gavana wa Texas, Bob Bullock, mhitimu wa Texas Tech na Baylor, alishinikiza vyuo hivyo viwili vichukuliwe pamoja na Texas na Texas A&M. Vikachukuliwa. Baylor ni chuo binafsi. University of Houston, chuo cha umma katika jiji kubwa kuliko yote jimboni, iliachwa nje, ikaingia Big 12 mwaka 2023.