Ethanoli kwenye seli za oksidi ngumu: maji ndiyo faida, maji ndiyo mzigo

Seli za mafuta, vifaa vinavyogeuza mafuta kama hidrojeni kuwa umeme bila kuyachoma, zimechelewa kuenea kwa sababu ya hidrojeni yenyewe. Kuihifadhi ikiwa kimiminika kunadai ubaridi wa nyuzi −253, na magari mengi huibeba ikiwa gesi iliyoshindiliwa kwa shinikizo la baa 700. Ethanoli, yaani alkoholi ya miwa au mahindi, hukaa kwenye tangi la kawaida, na lita moja ina takriban megajuli 21, zaidi ya mara mbili ya lita ya hidrojeni kimiminika.

Seli za oksidi ngumu, aina ya seli za mafuta zilizojengwa kwa kauri, huipokea kwa kuwa hufanya kazi kwenye nyuzi 600 hadi 1,000. Kwa joto hilo mvuke wa maji huivunja ethanoli kuwa hidrojeni na kaboni monoksidi. Gesi hii ya pili huharibu seli za utando, aina nyingine iliyo kwenye magari ya hidrojeni. Hapa nayo ni mafuta.

Kinachonivutia zaidi ni maji. Kunereka kwa kawaida, yaani kutenga ethanoli kwa kuichemsha na kuupoza mvuke wake, hukomea karibu asilimia 95 ya ethanoli, na kuondoa maji yaliyosalia ili ichanganywe na petroli hula nishati zaidi. Seli hii haihitaji ukaushaji huo. Mwaka 2016 Nissan ilipoonyesha nchini Brazil gari la majaribio lenye seli ya kilowati 5, ilisema hata mchanganyiko wenye asilimia 45 tu ya ethanoli, kilichobaki maji, ungefaa.

Ila anodi, upande wa seli unaopokea mafuta, nyingi ni za nikeli. Mvuke ukipungua, ethanoli hugeuka ethilini, ethilini huacha kaboni, na kaboni huziba vitundu vya anodi hadi kuiharibu. Ukiongeza maji unazuia masizi hayo, lakini kuyachemsha kunakula joto, na mvuke mwingi huzimua mafuta na kushusha volti. Anodi za shaba na oksidi ya metali ya seri hazishiki kaboni kwa urahisi, ingawa shaba haistahimili joto la juu kama nikeli.

Kwa hiyo naunga mkono seli hizi za ethanoli kwa mitambo inayowaka mfululizo, mfano ya minara ya simu. Kwenye gari nasita: kauri inayopashwa moto na kupozwa mara kwa mara hupata nyufa, na kuiwasha huchukua muda.

Tena chanzo cha ethanoli kina uzito wake. Viwanda vya miwa huchoma makapi ya miwa yenyewe kupata joto la kunereka. Vya mahindi mara nyingi hutegemea gesi asilia, na hapo sehemu ya faida imeshateketea kabla tone moja halijafika kwenye seli.