Rais amebadilika, kwenye kizuizi bado tunaulizwa babu alizikwa wapi

Tangu Mama Samia aingie Ikulu Machi 2021, na hadi Machi 2022, kila nilipoongea na marafiki zangu wa Dar habari ilikuwa ile ile: nchi imepumua. Niliwaelewa. Wasichana waliopata mimba wameruhusiwa kurudi darasani tangu Novemba 2021. Magazeti manne yalirudishiwa leseni Februari 2022. Mama Samia alikaa na mpinzani Tundu Lissu kule Brussels wakazungumza, na Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, akatoka gerezani mapema Machi 2022. Hayo siyabezi hata kidogo. Miaka ile ya kuogopa hata kuandika ujumbe kwenye kundi la familia nilikuwepo, na sitamani irudi.

Lakini mimi ni Muha wa Kasulu, mkoani Kigoma. Na kwetu, ukiuliza watu kama kuna kilichobadilika tangu Ikulu ipate mwenyeji mpya, watakuuliza kwanza: kuhusu nini?

Machi 2022 nilikuwa kwenye basi la kwenda Kahama. Tulipofika kwenye kizuizi kimoja wakapanda maafisa wawili, vijana. Siti ya mbele yangu alikaa bibi mmoja, dumu la mawese liko miguuni. Yule kijana hakumpa hata shikamoo. "Kitambulisho." Bibi akafungua pindo la khanga akatoa kadi yake ya mpiga kura, ameivingirisha kwenye nailoni ili isichakae. Kijana akaigeuza mara mbili akamrudishia. "Hii ni ya kupigia kura, haithibitishi uraia. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, iko wapi?" Bibi akasema alishapigwa picha, alama za vidole alishatoa, akaambiwa asubiri. "Baba yako alizaliwa wapi? Babu mzaa baba alizikwa wapi? Mwenyekiti wa kitongoji chako ni nani?" Alijibu yote. Wakamshusha hata hivyo. Aliokolewa na mwalimu mmoja wa siti za nyuma aliyeshuka akasema anamfahamu, anatoka kijiji cha jirani na kwao.

Nimelala na hasira tangu siku hiyo. Kadi ile ile iliyokubalika Oktoba 2020 kumchagua rais wa Jamhuri ya Muungano haikutosha kumfikisha mwenye kadi Kahama. Kwa sheria, asiye raia hapigi kura ya rais. Basi ama serikali ilimwandikisha mgeni ikamchukulia kura yake, ama ilimshusha raia kwenye basi. Hakuna njia ya tatu. Na ninataka anayehusika aichague moja, aiseme hadharani.

Najua nitakachojibiwa, maana nimekisikia tangu utotoni: mpaka wa Kigoma na Burundi ni mrefu, njia za panya ni nyingi, na sura zetu zinafanana. Sawa. Watu wanaingia bila vibali, ni kweli. Kuna wenyeviti wanaouza barua za utambulisho, nalo ni kweli, na wanaofanya hivyo wanatuumiza sisi kuliko wanavyomuumiza mtu mwingine yeyote. Wanaosafiri njia ya Kibondo na Kakonko hawahitaji kuhadithiwa habari za utekaji wa magari. Sidai mpaka uachwe wazi. Ninachokataa ni kufanywa mtuhumiwa kwa sababu lugha ya mama yangu inasikilizana na lugha ya upande wa pili. Kabla ya Wabelgiji kuikabidhi Kigoma kwa Waingereza mwaka 1921, hakuna babu yetu aliyeulizwa anataka kubaki upande gani. Mstari ulichorwa, watu wakaukuta umepita mashambani mwao. Leo mjukuu anaambiwa alete ushahidi wa mstari ambao haukuwepo babu yake alipozaliwa.

Naomba nikae hapa kwenye uraia, maana ndipo donda lilipo.

Sheria yetu ya Uraia ni ya mwaka 1995. Ukiisoma kifungu cha 5, inamtambua kuwa raia mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, na wanaotengwa ni wachache, kama watoto wa wanadiplomasia. Nenda sasa ofisini na cheti cha kuzaliwa peke yake uone kama utaulizwa habari ya kifungu hicho. Utaulizwa vyeti vya wazazi. Vya wazazi ukivipata, utaulizwa vya babu. Mama yangu mdogo alizaliwa nyumbani, kwa mkunga wa kijiji, kama wenzake wote wa rika lake. Cheti cha babu yake angekitoa wapi? Alienda mara kwa mara, kila akirudi ameongezewa karatasi moja: kiapo cha mahakamani, barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha kijiji, majina ya wazee watatu. Wazee wawili kati ya hao watatu wamekwisha kufa faili likiwa bado mezani. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, ule mwisho uliosogezwa hadi Januari 20, 2020, hakuwa na namba. Laini ikafungwa. Kwa mtu wa Dar huo ni usumbufu wa siku chache. Kwake ilikuwa ndiyo benki, maana pesa za watoto zilipita humo.

Na jambo hili halikuanza na hayati Magufuli, ingawa watu wa mjini wanapenda kuamini kila kibaya kilianza 2015. Mwaka 2001, chini ya Mkapa, mwanahabari Jenerali Ulimwengu aliambiwa si raia, mtu aliyekuwa mkuu wa wilaya na mbunge wa nchi hii. Mwaka 2013, chini ya Kikwete, ilikuja Operesheni Kimbunga huko kwetu na Kagera na Geita. Watu waliokaa miongo na miongo, wameoa, wamezaa, walivushwa mpaka na virago vyao, na familia nyingine zikagawanyika mke huku mume kule. Wakati wa Magufuli, Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisema nchi inahitaji Katiba mpya, kisha akajikuta anahojiwa uraia wake. Marais wanne sasa, ukimhesabu Mama, na swali linaulizwa kwa sauti ile ile. Mwenye cheo anaulizwa akifungua mdomo. Mkulima wa Buhigwe anaulizwa akipanda basi.

Ndiyo maana mimi sikushangilia sana Machi ile. Tulizoea kuhama na upepo wa Ikulu. Mwalimu aliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akapewa Tuzo ya Nansen, tuzo kubwa ya Umoja wa Mataifa kwa waliowasaidia wakimbizi. Aprili 1994, wakati wa Mzee Mwinyi, robo milioni ya Wanyarwanda walivuka daraja la mpakani la Rusumo ndani ya siku moja hivi na tukawapokea. Desemba 1996, rais mwingine, watu wale wale wakaambiwa wawe wameondoka ifikapo mwisho wa mwaka, wakasukumwa kwenye daraja lile lile. Mgeni ni yule yule, sheria zinazohusika hazikuwa zimegeuka kiasi hicho. Aliyegeuka ni mwenye nyumba.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni wa Warundi wa 1972. Walikimbia mauaji, wakapelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakafyeka misitu, wakalima mahindi na tumbaku, wakalisha mikoa. Mwaka 2007 serikali iliwaambia wachague: kurudi au kuomba uraia. Wengi mno wakaomba. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wakakubaliwa kuwa raia wa tajnisi, yaani wa kuomba. Dunia ikatusifu, na tulistahili. Halafu? Vyeti vikakaa. Kwanza waliambiwa wahame makazi yao wasambazwe mikoani, mikoa mingine haikuwataka, mambo yakakwama. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi, na cheti cha Tanzania hawana mkononi, hadi 2014 vilipoanza kugawiwa. Miaka minne mtu analala si wa huku si wa kule, kwa sababu ofisi hazijaelewana! Kisha Julai 2017 Magufuli, akiwa Ngara pamoja na Nkurunziza, rais wa Burundi wakati huo, akatangaza kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi sasa basi. Tamko la jukwaani, juani, mbele ya mgeni. Mwanzoni mwa 2018 tukajitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa kushughulikia wakimbizi. Mwaka 2019 tukasaini na Burundi kwamba watarudi, watake wasitake.

Nisieleweke vibaya kuhusu wakimbizi wa Burundi waliokuja 2015. Kigoma iliwabeba. Niliiona Kagunga kwa macho yangu Mei ile, ufukwe mwembamba chini ya mlima, watu wamebanana wakisubiri meli ya MV Liemba, kipindupindu kimeshaingia. Wavuvi wa kijiji kile walikosa maji ya kunywa kwa ajili ya wageni. Miti ya Kasulu imeisha kwa kuni, na wafadhili walioahidi hawakutoa chote walichotakiwa. Mtu wa kwetu akilalamika ana haki. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akiuza maharage na mihogo kwenye masoko ya pamoja kambini, na masoko hayo yalipofungwa hakuna aliyemuuliza.

Sasa yuko Mama. Julai 2021 alikwenda Burundi, maneno yalikuwa laini, ya ujirani. Desemba 2021 kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ikafungwa, waliobaki wakahamishiwa Nduta. Nimezungumza na watu wa Kakonko wanaowafahamu waliohamishwa. Wanasema walichojifunza ni kwamba ujumbe haujabadilika: rudini. Huenda Burundi ya Ndayishimiye ni salama kuliko ile ya mtangulizi wake kwa baadhi yao, na wanaotaka kurudi warudi kwa heshima. Ila kurudi kwa mtu aliyefungiwa soko, aliyekatazwa baiskeli, anayehamishwa kambi hadi kambi, mimi siwezi kukuita hiari. Mpole akikusukuma bado umesukumwa.

Na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaharakati wa mjini. Mmejaa mitandaoni na uraia pacha. Kila wiki mjadala, kila wiki hoja mpya ya ndugu zetu wa Houston na London, na wizara iliwajibu kwa habari za hadhi maalumu badala ya uraia huo. Nawatakia heri, ni watoto wetu pia. Lakini wao wanadai uraia wa pili wakati bibi wa mawese hajakabidhiwa wa kwanza. Mbona huyo hana mjadala? Kwa sababu hatumi pesa za kigeni? Kwa sababu hana akaunti ya kulalamikia?

Dawa ya hili haitoki kwenye huruma ya rais, awe mkali au mwema. Katiba yetu ya 1977 haina sura inayosema nani ni raia wa nchi hii. Jambo kubwa namna hiyo tumeliacha kwenye sheria ya kawaida na kwenye busara ya afisa wa zamu. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ilikuwa na sura ya uraia. Ndiyo, ile rasimu tuliyoitelekeza. Watu wakisema Katiba mpya wengi wanafikiria tume ya uchaguzi na madaraka ya rais. Mimi nafikiria sura ile. Nataka iandikwe kwamba mtu aliyezaliwa hapa na kuishi hapa ni raia mpaka serikali ithibitishe mbele ya mahakama kwamba siye, na mzigo wa ushahidi uwe wa serikali yenye mafaili, magari na mawakili. Usiwe wa bibi mwenye kipande cha nailoni. Nataka raia wa tajnisi akishapewa cheti asiulizwe tena, na mtoto wake asiandikwe mkimbizi.

Agosti 2022 ilifanyika sensa. Makarani walitumwa hadi vitongoji vya Manyovu na Mabamba, kumhesabu bibi yule bila kumwomba kaburi la babu yake, kwa sababu siku hiyo idadi yake ilikuwa na faida.

Na kila Aprili Bunge la bajeti linaanza. Wabunge wa Kigoma, Kagera na Katavi, nawaomba kitu kimoja wakati wa makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Msisimame kupongeza kwanza kwa dakika tano. Muulizeni waziri: katika wilaya za mipakani, ni watu wangapi wamechukuliwa alama za vidole na hawajapewa namba, wamesubiri kwa muda gani, na ni wangapi wamekataliwa kwa maandishi yenye sababu wanayoweza kuipeleka mahakamani? Mkipewa jibu la "mchakato unaendelea", shikeni shilingi, bajeti yake isipite mpaka ajibu.